Greaseweazle V4, flopi 31 za mjomba, na swali la namna ya kuzifungasha

Mjomba wangu alikuwa na duka la kupiga chapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Miaka ya tisini kompyuta yake moja ilihudumia mtaa mzima. Walimu walileta mitihani ya muhula, wazee waliandikiwa barua za kuomba viwanja, na msimu wa harusi ukifika kadi zilichapwa mpaka usiku. Alipofariki, mkaza mjomba alinikabidhi mkebe wa biskuti wenye flopi 31 za inchi 3.5. "Wewe ndiye mtu wa kompyuta," aliniambia. "Kama kuna kitu humo, kitoe."

Nikarudi nazo Braunschweig, Ujerumani, ninakoishi. Mji huu nao una undugu na flopi. Commodore, kampuni iliyotengeneza kompyuta za Amiga, ilikuwa na kiwanda hapa, na hadi leo ukizunguka kwenye soko la mitumba unaweza kumkuta mtu anauza Amiga 500 pamoja na kasha la diski zake. Nilinunua kasha moja lenye flopi 58 za Amiga kwa bei ya chakula cha mchana, nipate za kufanyia mazoezi kabla ya kuendelea na za mjomba. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanatokana na flopi 89 nilizozisoma kwa miezi mitano kwa kutumia kifaa kiitwacho Greaseweazle V4, kisha nikazigeuza imeji, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, nikazibana na kuzifungasha. Kifaa nitakisifu, kinastahili. Lakini kufungasha ndiko kulikonifundisha zaidi, na huko ndiko nitakakokaa.

Nilianza vibaya. Nilinunua mtandaoni draivu ya flopi ya USB, ile nyembamba nyeusi, kwa muuzaji mmoja aliyeandika kwamba "inasoma kila aina". Haisomi kila aina. Draivu za namna hiyo zinajua fomati za PC tu, na zikikutana na sekta mbovu, yaani kipande cha diski kisichosomeka, hazina subira. Flopi ya tatu ya mjomba ilipoingizwa, kompyuta iliniuliza kama nataka kuifomati. Niliichomoa haraka, moyo ukinienda mbio, na sikuirudisha tena humo.

Greaseweazle ni kitu kingine kabisa. Ni kadi ndogo iliyobuniwa na Keir Fraser. Michoro yake na programu yake viko wazi kwa kila mtu, na yangu ilinigharimu chini ya euro 40. Upande mmoja ni USB, upande mwingine ni kiunganishi cha pini 34, kilekile cha draivu za zamani, pamoja na umeme wa kulisha draivu ya inchi 3.5 moja kwa moja kutoka USB. Draivu yenyewe unaitafuta mwenyewe. Yangu niliichomoa kwenye kompyuta iliyokuwa inasubiri kwenda kwenye chuma chakavu. Angalia waya wako: ule wenye msokoto katikati, wa PC, unaifanya draivu ya mwisho kuwa A. Wako ukiwa umenyooka, mwambie Greaseweazle kwamba draivu ni B, la sivyo itakaa kimya kama imekufa.

Kadi hii haiiombi draivu sekta. Inasikiliza sumaku. Flopi ya inchi 3.5 inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 200, na kadi inarekodi muda kati ya kila badiliko la sumaku na linalofuata. Rekodi hiyo ndiyo inaitwa fluksi. Kutafsiri kwamba hapa kuna DOS ya PC, hapa kuna Amiga, ni kazi ya programu kwenye kompyuta yako, baadaye, na ukikosea unatafsiri upya bila kuigusa flopi. Ndiyo maana draivu ya kawaida ya PC, ambayo na kidhibiti chake cha zamani isingeweza kusoma diski ya Amiga hata ungeibembeleza, sasa inaisoma vizuri. Amiga inaandika sekta 11 kwa kila traki, yaani kila duara la diski, zimebanana, na kidhibiti cha PC hakielewi mpangilio huo. Kasoro haikuwa ya draivu.

Amri ni fupi. Unaandika gw read, fomati, jina la faili, unapiga Enter. Mwishoni unapata ramani: nukta kwa kila sekta iliyosomeka, X kwa kila iliyokataa. Diski nzima ya Amiga inasema sekta 1,760 kati ya 1,760, na mara ya kwanza nilipoona asilimia 100 nilipiga makofi peke yangu jikoni. Asiyezoea dirisha jeusi la kuandika amri atapata tabu, kwa sababu programu yenyewe ndivyo ilivyo na maelezo yake yako kwa Kiingereza. Na mwenye flopi kubwa za inchi 5.25 ajue kwamba draivu zake zinataka pia volti 12, ambazo USB haitoi.

Za Tanga zilikuja na adui wao. Joto na unyevu wa pwani vimeziotesha ukungu, madoa meupe unayoyaona ukivuta mlango wa chuma wa flopi na kulizungusha sahani kwa kidole. Usiingize flopi yenye ukungu kwenye draivu. Ukungu unakwaruza sahani, unaganda kwenye kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kinakwenda kukwaruza flopi inayofuata. Mimi nilisafisha kwa pamba ya masikioni na spiriti ya isopropili, taratibu, pande zote mbili, nikaacha ikauke, na kichwa cha draivu nikakisafisha baada ya kila flopi. Kazi hiyo peke yake ilikula wikendi tatu.

Sasa kufungasha.

Ukimaliza kusoma una mafaili ya namna mbili. Kuna imeji ya sekta, nakala ya baiti kwa baiti ya kile diski ilichobeba: ADF ya Amiga ina baiti 901,120 sawasawa, IMG ya flopi ya DOS ya megabaiti 1.44 ina baiti 1,474,560. Na kuna faili la fluksi, kwangu mimi SCP, ambalo kwa flopi moja ya Amiga lilizidi megabaiti 30 kwa mizunguko mitatu. Imeji ya sekta inabanika vizuri mno. DOS ikifomati flopi inajaza kila sekta tupu kwa baiti ileile moja, F6, kwa hiyo flopi iliyotumika nusu inasinyaa kwa furaha. Fluksi haisinyai hivyo, maana kila muda uliopimwa una mtikisiko wake mdogo, na mtikisiko haubaniki.

Ushauri unaousikia kila mahali ni kutumia kinachobana zaidi. Nami nilianza hivyo. Nilichukua ADF zote 58 nikaziweka kwenye furushi moja la 7z, na matokeo yalinishangaza kwa udogo wake. Sababu yake ni nzuri: zipu inakumbuka kilobaiti 32 tu nyuma yake, lakini 7z inaweza kukumbuka megabaiti nyingi, kwa hiyo programu ileile ikiwa kwenye diski ya 4 na diski ya 40, mara ya pili haiandikwi tena. Nilikuwa tayari kulipakia mtandaoni hivyo.

Kilichonizuia ni mjomba. Kati ya flopi zake kulikuwa na sita zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wake ulioinama: AKIBA 1 KATI YA 6, na kuendelea, Juni 1996. Kumbe alibana kazi zake zote kwa ARJ, programu ya zamani ya kubana mafaili, ambayo ilikuwa inakata furushi vipande vya ukubwa wa flopi: la kwanza lina kiishio ARJ, la pili A01, la tatu A02. Flopi ya 4 ndiyo iliyoliwa zaidi na ukungu. Baada ya kuisafisha ilitoa sekta 2,871 kati ya 2,880. Sekta tisa hazikutoka.

Nilidhani nimepoteza flopi ya 4, ya 5 na ya 6. Sivyo. Kila kipande cha ARJ ni furushi lenye kichwa chake, na kila faili ndani yake limebanwa peke yake. Niliwasha ARJ ya zamani ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, nikafungua vipande vyote, na mafaili mawili tu ndiyo yaliyokataa. Mengine yote yalitoka salama, barua za WordPerfect 5.1 ambazo LibreOffice inazifungua leo bila malalamiko. Mjomba, akiwa na flopi za bei rahisi na hewa ya chumvi, alifungasha kwa njia iliyonihurumia mimi miaka mingi baadaye.

Nikarudi kwenye 7z yangu nikaiangalia kwa jicho jingine. Furushi lile lilikuwa limeshikamana: ili kufungua diski ya 40, lazima kwanza zifunguliwe zote 39 zilizotangulia, na baiti chache zikiharibika kwenye diski ya 5, zinazofuata zinakwenda nazo. Ndiyo, kuna swichi ya kuzima mshikamano huo, -ms=off. Lakini ukiizima, sehemu kubwa ya faida iliyonishangaza inatoweka, na unabaki na fomati ambayo si kila kompyuta inaifungua bila programu ya ziada. Kwa akiba ya megabaiti chache? Nikachagua zipu, diski moja zipu moja.

Historia ya flopi imejaa watu waliobana kwa sababu nzuri na kutuachia kufuli. Wenye Amiga walikuwa na DMS, Disk Masher System, iliyokuwa inabana diski nzima traki kwa traki ili ipite kwenye modemu. Kwa mtu aliyelipia simu kwa dakika, DMS ilikuwa rafiki wa kweli. Leo kuikuta kwenye hifadhi ni kama kukuta sanduku zuri lisilo na ufunguo kwa kila asiyejua kwamba kuna programu ndogo, xDMS, ya kulifungua. Wenye Commodore 64 walikata diski vipande vinne vyenye majina yanayoanza na 1!, 2!, 3! na 4!, na kikipotea kimoja, diski haikamiliki. Kwenye PC, TeleDisk ya Sydex ilitumia fomati ambayo haikuwekwa wazi, hadi watu wengine walipokaa kuifumbua baiti kwa baiti. Kwa upande mwingine kuna ADZ, ambayo ni ADF iliyobanwa kwa gzip na basi, na viigizi, yaani programu zinazoigiza kompyuta za zamani, kama WinUAE vinaifungua vyenyewe, kama vinavyofungua zipu. Zipu na gzip si werevu sana kiufundi, lakini kinachonivutia ni hiki: vimeenea kila mahali.

Kuna jambo moja la zipu linalonikera, na dawa yake nimeipenda. Ukifungasha ADF ileile leo na kesho, zipu mbili zinaweza zisilingane baiti kwa baiti, kwa sababu ndani mna saa na tarehe za mafaili. Kwa mtu anayelinganisha hifadhi mbili kwa alama za SHA-1, yaani namba inayokokotolewa kutokana na baiti zote za faili, ni usumbufu mtupu. Waliozoea mikusanyo mikubwa wanatumia TorrentZip, namna ya kuandika zipu ya kawaida kwa mpangilio uleule siku zote, kila faili likipewa tarehe moja: 24 Desemba 1996, saa 5 na dakika 32 usiku. Yaliyomo yakiwa sawa, zipu inakuwa sawa. Na zipu hiyo inafunguka popote.

Nililihitaji hilo kwa sababu ndani ya kasha la Braunschweig kulikuwa na diski 11 za Fred Fish, Mmarekani aliyekusanya programu za Amiga zilizoruhusiwa kugawiwa bure na kuzitoa kwa namba, kuanzia 1 hadi 1,100, kati ya 1986 na 1994. Zimeshahifadhiwa na wengine siku nyingi. Nilipozilinganisha zangu, tatu zilikuwa sawa hadi baiti ya mwisho. Nane hazikuwa sawa, na nilianza kuhuzunika kabla ya kutazama tofauti ilikuwa wapi. Nyingine ni tarehe tu kwenye bloku kuu ya diski, kwa sababu Amiga ikiandika chochote inasahihisha tarehe hapo. Kwenye moja, mwenye diski wa zamani alikuwa amehifadhi barua ya Kijerumani kwenye nafasi iliyobaki. Barua ile ni ya mtu. Imeji hiyo sikuipakia.

Hapo ndipo nilipoelewa imeji ni nini hasa. Imeji haibebi mafaili tu, inabeba na yaliyofutwa. Kwenye flopi ya DOS, ukifuta faili, herufi ya kwanza ya jina inageuzwa kuwa E5 na sekta zake zinahesabiwa kuwa huru, lakini maneno yenyewe yanakaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Flopi za mjomba zimejaa barua alizofuta akiamini zimekwisha. Nilifungua moja kwa programu ya kuona baiti nikasoma mistari miwili ya barua ya talaka, nikaifunga.

Nilimpigia simu mkaza mjomba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi na kazi yako?"

Nikamweleza kwamba vimetoka karibu vyote, na kwamba kuna hifadhi kubwa mtandaoni ambako watu huweka vitu vya zamani vikaonekana na dunia nzima. Akanyamaza kidogo. "Kadi weka," akasema. "Kalenda weka. Barua za watu si zako wala si zangu. Mtu aliyekuja kuandikiwa barua alimwambia mjomba wako, hakuutangazia mji."

Kwa hiyo za mjomba nimezifungasha kwa njia mbili. Imeji kamili na fluksi ziko kwenye diski kuu mbili, moja kwangu na moja kwake Tanga, hazitoki hapo. Yaliyopakiwa Internet Archive, ile hifadhi aliyoianzisha Brewster Kahle San Francisco mwaka 1996, ni mafaili yaliyochaguliwa moja moja: violezo vya kadi za harusi visivyo na majina, kalenda, fomu tupu. Yako kama mafaili ndani ya zipu, hayako kama imeji, ili kilichofutwa kibaki kimefutwa. Diski za Amiga zenye programu za bure zimekwenda kama ADF, kila moja na zipu yake. Nimeridhika sana na jinsi hifadhi ile inavyoishughulikia zipu: msomaji anaweza kuchungulia orodha ya yaliyomo na kuchukua faili moja bila kupakua furushi zima, na hifadhi yenyewe inakokotoa alama za ukaguzi za kila kilichopakiwa.

Ndani ya kila zipu ninaweka vitu vitatu. Imeji, picha ya lebo ya flopi mbele na nyuma, maana mara nyingi mwandiko wa kwenye lebo unajua zaidi kuliko diski, na faili la maandishi matupu, SOMA.TXT, lenye draivu iliyotumika, tarehe ya kusoma, na ramani yote ya nukta na X kama Greaseweazle ilivyoitoa. Ramani hiyo usiiache. Greaseweazle ikishindwa sekta, inaijaza kwenye imeji kwa maneno -=[BAD SECTOR]=- yakijirudia, jambo la uungwana kabisa, kwa sababu unaweza kutafuta maneno hayo na kujua wapi pana tundu. Nimeona imeji za zamani ambazo matundu yamejazwa sifuri, na hakuna wa kukuambia kama pale palikuwa patupu au palipotea. Fomati ya D64 ya Commodore 64 ililifikiria hili mapema: imeji ya kawaida ina baiti 174,848, na ukitaka kubeba taarifa za makosa unaongeza baiti 683, moja kwa kila sekta.

Fluksi inafungashwa kivyake. Kwa michezo yenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa haina mbadala wa kirahisi, kwani ADF inashika sekta za kawaida tu, na traki ndefu kupita kiasi au biti zilizoachwa dhaifu kwa makusudi hazina mahali pa kukaa humo. Kwa barua na kadi fluksi ni bima. SCP ya flopi mbovu naihifadhi daima, SCP ya flopi iliyosomeka asilimia 100 naifuta nikiwa na haja ya nafasi.

Kwa alama, Greaseweazle V4 naipa nyota 5 kati ya 5 kama msomaji wa flopi. Sijaona kitu cha bei hiyo kinachoikaribia. Kama njia kamili ya kutoka mkebe wa biskuti hadi hifadhi, naipa 4, kwa sababu inakuishia mlangoni: inakupa mafaili na haina la kusema kuhusu jina, lebo, ukaguzi wala furushi. Mwenye flopi tano za PC zinazosomeka hahitaji kununua chochote, atafute rafiki mwenye draivu. Mwenye za Amiga, Atari au zenye ukungu asipoteze pesa kwenye zile draivu nyembamba.

Wiki iliyopita nilipata draivu nyingine, ya mwaka 1993, kichwa chake kizima. Niliisoma upya AKIBA 4 kwa mizunguko 5 na marudio 20 kwa kila traki iliyokataa. Sehemu zilizokuwa zimeandikwa BAD SECTOR kwenye imeji ya kwanza nikazijaza kwa zilizotoka kwenye ya pili. Sekta sita zimerudi, na pamoja nazo moja ya yale mafaili mawili: orodha ya wadaiwa wa duka, Mei 1996, shilingi kwa shilingi. Flopi nimeirudisha kwenye mkebe, ndani ya mfuko wenye kijipakiti cha kukausha unyevu. Zimebaki sekta 3.